William Marshal au Bertrand du Guesclin: uanze na maisha ya nani?

Mtu akitaka kuielewa Ulaya ya zama za kati kupitia maisha ya kabaila mmoja tu, majina hayakosekani. Shida ni kwamba mengi ni ya wafalme, na mfalme hafai kwa kazi hii. Amezaliwa juu, ngazi hajaipanda. Unayemtaka ni yule aliyeanza akila mwisho wa meza ya wakubwa, akamaliza akiwa na jeshi la nchi nzima mkononi. Baada ya kusoma huku na kule, kwangu wamebaki wawili. Wa kwanza ni William Marshal wa Uingereza, aliyezaliwa karibu na mwaka 1147 na kufa 1219. Wa pili ni Bertrand du Guesclin wa Brittany, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa ya leo, aliyezaliwa karibu na 1320 na kufa 1380.

Marshal alimaliza akiutawala ufalme kwa niaba ya mtoto wa miaka 9. Bertrand aliongoza majeshi ya Ufaransa kwa takriban miaka kumi. Wote walitoka familia za makabaila wadogo, wote walitekwa vitani, na habari zao zimetufikia kupitia tenzi ndefu zilizotungwa muda mfupi baada ya wao kuzikwa. Kwa mbali utadhani ni maisha yale yale yaliyorudiwa baada ya miaka 170. Ukisogea karibu unakuta ni vitu viwili tofauti kabisa, na ndiyo maana inafaa kuchagua kabla ya kuanza.

Neno moja kwanza. Nikisema askari wa farasi hapa, simaanishi kila mwanajeshi aliyepanda mnyama. Namaanisha mtu wa tabaka lake, aliyevishwa upanga mbele ya mashahidi, mwenye deraya, mkuki na farasi wa vita wa bei kubwa. Bei hiyo ya farasi ikumbuke, tutairudia.

Utoto

Hapa Marshal anashinda mapema. Baba yake, John, alijiingiza katika vita vya kugombea kiti kati ya Mfalme Stephen na binamu yake Matilda. Mwaka 1152 Stephen akaizingira ngome ya John huko Newbury. John akaomba apewe muda, na kama rehani ya ahadi yake akamtoa mwanawe William, wa miaka mitano au sita. Kisha muda ule ule akautumia kuingizia chakula na askari ngomeni. Mfalme akampelekea neno kwamba mtoto atanyongwa. Jibu la baba, kwa mujibu wa utenzi, lilikuwa kwamba nyundo na fuawe bado anazo, atafua watoto wengine walio bora kuliko huyo.

Mtoto akapelekwa kwenda kunyongwa. Njiani akaona mkuki mzuri mkononi mwa bwana mmoja, akaomba auchezee. Stephen alipomwona vile moyo ukamlegea, akamchukua akamrudisha kambini. Siku chache baadaye mfalme na mateka wake walionekana wamekaa hemani, wamechuma majani yenye vikonyo virefu, kila mmoja akijaribu kukikata kichwa cha jani la mwenzake kwa kulipiga. Mtoto alipiga wa kwanza, na kichwa cha jani la mfalme kikaanguka.

Utenzi wenyewe ulilipiwa na familia ya Marshal, kwa hiyo chumvi ipo. Lakini jibu la nyundo na fuawe si kitu ambacho familia ingebuni ili kumpamba babu yao.

Bertrand kwa upande wake alikuwa mtoto wa kwanza, mrithi wa nyumba ndogo ya La Motte-Broons karibu na Dinan, na kosa lake lilikuwa sura. Mtunzi wake anasema kutoka Rennes hadi Dinan hapakuwa na mtoto mbaya wa sura kama yeye, na kwamba wazazi wake mwenyewe hawakutaka kumwona. Akakua akiongoza makundi ya watoto wa kijijini kupigana mawe na ngumi. Kuna kisa cha mashindano ya Rennes mwaka 1337, ambapo kijana asiyejulikana, uso umefunikwa, aliwaangusha wapanda farasi mmoja baada ya mwingine, akakataa kumkabili mmoja tu, naye alikuwa baba yake. Ni kisa kitamu. Nakichukulia kama ninavyochukulia visa vingi vya mashujaa wakiwa na miaka kumi na saba.

Fidia: mmoja aliila, mwingine aliigharimu

Kama kuna jambo moja la kuelewa kuhusu watu hawa, ni fidia. Askari wa farasi alikuwa mali. Kumuua ni hasara, kumteka ni faida: unachukua farasi wake, deraya yake, kisha familia yake au bwana wake analipa ili arudi. Marshal alijifunza somo hili kwa aibu. Alikuwa kijana wa karibu miaka 20, ndiyo kwanza amevishwa upanga huko Normandy, alikokuwa amelelewa katika nyumba ya jamaa yao, bwana wa Tancarville. Pakatokea mapigano katika mitaa ya mji wa Drincourt, naye akapigana kama simba mpaka farasi wake akauawa chini yake. Jioni, mezani, kila mtu akimsifu, mkuu mmoja, William de Mandeville, akamwita kwa sauti: Marshal, nipe zawadi. Walau kigwe kimoja tu, au hata kikuukuu cha tandiko. Kijana akajibu kwa unyoofu kwamba hajawahi kuwa na vitu hivyo maishani mwake. Mandeville akamwambia: unasemaje, na leo umepata arobaini au sitini! Meza nzima ikacheka. Amepigana siku nzima, amewaangusha watu, na hakuteka hata mmoja. Amerudi hana farasi, na bwana wake hakuwa na haraka ya kumpa mwingine.

Hakurudia kosa hilo. Katika miaka ya 1170 aliwekwa kuwa mlezi wa kivita wa Henry, kijana aliyetawazwa mfalme wakati baba yake Henry wa Pili bado yu hai, na wakaanza kuzunguka kaskazini mwa Ufaransa kwenye mashindano. Usifikirie wapanda farasi wawili wakikimbiliana katika uwanja uliozungushiwa kamba. Hiyo ilikuja baadaye. Wakati wa Marshal yalikuwa mapigano ya mamia ya watu kwa mamia, yakitapakaa mashambani na hadi mitaani. Yale ya Lagny mwaka 1179 ndiyo yaliyovuma kuliko mengine. Vita vya kweli isipokuwa nia, kwa kuwa lengo lilikuwa kuteka na kutoza.

Marshal akaingia ubia na mwenzake mmoja, Roger de Gaugi: kila watakachoteka wanagawana. Karani wa jiko la mfalme akawawekea hesabu, na katika kipindi cha miezi kumi hivi waliwateka watu 103, bila kuhesabu farasi na vifaa. Sijui habari nyingine ya zama hizo inayoonyesha ushujaa na biashara vikilala kitanda kimoja waziwazi namna hii.

Na si kila siku mambo yalinyooka. Kwenye mashindano ya Anet alimkamata Simon de Neauphle, akashika hatamu ya farasi wake, akawa anamburuta nyuma yake kupitia uchochoro wa mji. Mfereji wa maji ya mvua ulikuwa umening'inia chini kutoka kwenye paa. Simon akaudaka, akabaki ananing'inia juu, farasi akaendelea. Mfalme kijana aliona yote, akanyamaza. Marshal akafika, akamwambia mtumishi: mshike huyu mateka. Mateka gani? Akageuka, akakuta tandiko tupu. Siku nyingine, huko Pleurs, waliamua kumpa zawadi ya mshindi, samaki mkubwa, lakini hawakumwona popote. Walimkuta kwa mhunzi, amepiga magoti, kichwa kimelazwa juu ya fuawe, mhunzi akihangaika na nyundo na koleo kuitoa kofia ya chuma iliyopondwa mpaka ikanasa kichwani.

Sasa mgeukie Bertrand. Yeye fidia ilimpita kwa upande wa pili. Alitekwa Auray mwaka 1364, akakombolewa. Akatekwa tena Nájera, Hispania, tarehe 3 Aprili 1367, na safari hii aliyemshika alikuwa Edward, mrithi wa kiti cha Uingereza, yule aitwaye Mwana Mfalme Mweusi. Kwa simulizi lililoenea, Edward alimwachia ajitajie bei mwenyewe, kwa dharau, akidhani atataja kidogo. Bertrand akataja dobla 100,000, sarafu za dhahabu za Castile, ufalme wa Hispania. Utazipata wapi, wewe maskini? Akajibu kwamba wafalme wa Ufaransa na Castile watalipa, na wakishindwa, hakuna mwanamke Ufaransa ajuaye kusokota uzi ambaye hatasokota ili amtoe kifungoni.

Majivuno? Ndiyo, lakini pia hesabu. Kwa kujipandishia bei alikuwa anamwambia adui na mfalme wake mwenyewe yeye ni mtu wa thamani gani. Marshal asingewahi kusema hivyo. Alipotekwa akiwa kijana huko Poitou mwaka 1168, baada ya kuchomwa mkuki pajani, hakuna aliyekuwa na haraka naye. Alifungia jeraha kwa matambara mpaka mwanamke mmoja alipomwonea huruma, akamtumia mkate alioutoa nyama ya ndani na kuujaza bandeji safi. Aliyemkomboa hatimaye ni Malkia Eleanor, na tangu hapo mlango wa nyumba ya kifalme ukawa wazi kwake.

Ndoa nitaipitia haraka. Marshal alifika miaka 40 na ushei akiwa na shamba moja dogo huko Cartmel. Mwaka 1189 akapewa kumwoa Isabel de Clare, binti wa karibu miaka 17, mrithi wa ardhi za Wales, Normandy na Leinster nchini Ireland. Siku moja, akawa tajiri. Bertrand alioa mara mbili, hakuacha mtoto wa ndoa. Mke wake wa kwanza, Tiphaine Raguenel, alisifika kwa kusoma nyota, na inasemwa mumewe hakuyapa uzito mpaka alipoona utabiri wake umetimia Auray.

Uaminifu, na bei yake

Marshal aliwatumikia wafalme watano, ukimhesabu yule kijana aliyetawazwa bila kutawala. Kijana huyo alifariki Juni 1183 akiwa kwenye uasi dhidi ya baba yake, akamwomba Marshal aupeleke msalaba wake Yerusalemu. Marshal akaenda, akakaa huko takriban miaka miwili. Alirudi akamtumikia baba mtu, na mwaka 1189 baba naye alipokuwa anakimbia Le Mans, akifukuzwa na mwanawe mwingine, Richard, ni Marshal aliyegeuka nyuma na kumkabili Richard. Richard hakuwa na deraya kamili. Akapaza sauti asiuawe. Marshal akamwambia ibilisi ndiye atakayekuua, mimi sikuui, kisha akautia mkuki ndani ya farasi wake. Wiki chache baadaye Henry akafa, na Richard akawa mfalme. Huyo huyo Richard ndiye aliyempa Isabel.

Chini ya Mfalme John mambo yalikuwa mazito. John alidai watoto wa Marshal wawe rehani, na Marshal, aliyewahi yeye mwenyewe kuwa rehani wa kunyongwa, akawatoa wawili. Nimesoma sehemu hiyo mara kadhaa na bado sijui nimwonee huruma au nimkasirikie. Lakini makabaila walipoasi na kumlazimisha John akubali Magna Carta, hati ya kumwekea mfalme mipaka, mwaka 1215, Marshal alibaki upande wa mfalme, na jina lake ni la kwanza kati ya makabaila waliotajwa humo kuwa washauri.

Uaminifu wa Bertrand ni mnyoofu zaidi na una doa jeusi zaidi. Aliingia vita vya urithi wa Brittany upande wa Charles wa Blois, mgombea wa Wafaransa, na tangu hapo hadi kufa hakuwahi kuiacha Ufaransa. Doa ni Montiel, Machi 1369. Mfalme Pedro wa Castile, akiwa amezingirwa na ndugu yake wa baba mmoja, Henry, alimwahidi Bertrand mali nyingi amtoroshe. Bertrand akamwambia Henry. Pedro akaingia usiku katika hema la Bertrand akidhani ameshanunua njia, akamkuta Henry anamsubiri. Wakakabana, wakaanguka chini, na Henry akamwua ndugu yake kwa kisu. Wengine wanasema Bertrand mwenyewe ndiye aliyemgeuza Henry awe juu. Hata kama hakugusa mtu, hema lilikuwa lake.

Doa la pili linategemea umezaliwa wapi. Wapo Wabretoni wanaomhesabu kuwa msaliti, kwa kuwa alilishika jeshi la Ufaransa dhidi ya mtawala wa Brittany. Mwaka 1977 wapiganiaji wa uhuru wa Brittany waliilipua sanamu yake huko Broons, mahali pale pale alipozaliwa. Marshal hana adui aliye hai. Hilo linaweza kuwa sababu ya kumpenda au ya kumchoka.

Uwanja wa vita

Kwa vita, Marshal ana siku moja kubwa, Bertrand ana miaka kumi.

Siku ya Marshal ni tarehe 20 Mei 1217, Lincoln. John alikuwa amekufa Oktoba 1216, nusu ya nchi ikiwa mikononi mwa waasi na Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa. Marshal akakubali kumlea Henry wa Tatu, mtoto wa miaka 9, na kuushika ufalme wake. Jambo la kwanza la maana alilofanya halikuwa la upanga. Aliitoa upya Magna Carta, ile ile waliyoipigania waasi, akaipiga muhuri wake. Ghafla waasi wakawa hawana tena sababu. Kisha Louis akafanya kosa la kuligawa jeshi lake, nusu likiizingira Dover na nusu likiwa Lincoln, na mzee wa karibu miaka 70 akaona nafasi. Alikuwa na haraka kiasi kwamba alitaka kuondoka bila kofia ya chuma, mpaka mtumishi akamkumbusha. Mapigano yakaisha siku hiyo hiyo, waasi wakakamatwa kwa makundi, na vita vyenyewe vikafika mwisho mwaka huo.

Watu wa mji wa Lincoln hawakusherehekea. Askari wa upande wa mfalme waliupora mji, makanisa yakiwemo, na wanawake waliojaribu kukimbia na watoto wao kwa mashua walizama mtoni. Uporaji ule waliupa jina la utani, gulio la Lincoln. Kwa sifa zote za Marshal, hii nayo ni yake.

Bertrand ni habari nyingine. Alivishwa upanga mwaka 1354, akiwa na zaidi ya miaka 30, baada ya miaka mingi ya kuvizia misituni. Inasimuliwa kwamba ngome ya Grand-Fougeray aliiteka kwa kuwavalisha watu wake kama wakata kuni, mizigo kichwani, silaha ndani ya mizigo. Cocherel, tarehe 16 Mei 1364, aliwavuta maadui washuke kilimani kwa kujifanya anarudi nyuma, akawageukia, akampa Charles wa Tano wa Ufaransa zawadi ya ushindi siku tatu kabla ya kutawazwa. Lakini mapigano makubwa mawili yaliyofuata, Auray na Nájera, yaliishia yeye akiwa mateka. Nájera wakubwa wa Kifaransa walishauri wasipambane uwanjani, mfalme wa Castile waliyemtumikia, yule yule Henry wa Montiel, hakusikia.

Hapo ndipo somo lenyewe. Ufaransa ilikuwa imeangamia Crécy mwaka 1346 na Poitiers 1356 kwa kiburi cha kutaka kukutana na Waingereza ana kwa ana, mbele ya wapiga upinde wao. Mfalme Jean wa Pili alitekwa Poitiers, fidia yake ikawekwa kuwa sarafu za dhahabu milioni 3. Mwanawe Charles alikuwa mtu wa vitabu, mwili dhaifu, na alikuwa amejifunza. Tarehe 2 Oktoba 1370 akamkabidhi Bertrand upanga wa Mkuu wa Majeshi. Bertrand alikataa kwanza. Yeye ni maskini na wa ukoo mdogo, akasema, atawaamrishaje ndugu za mfalme? Charles akamjibu kwamba hakuna ndugu wala mpwa atakayethubutu kutomtii.

Miezi miwili baadaye, huko Pontvallain, aliwaendesha watu wake usiku kucha, akawadaka Waingereza hawajajipanga. Kisha akaanza kazi isiyo na utukufu: ngome moja leo, mji mmoja kesho, hongo kwa mlinzi wa lango, mazungumzo na wenye mji, kuondoka adui anapokuja na jeshi kubwa. Poitiers na La Rochelle zikarudi mwaka 1372. Mwaka 1373 John wa Gaunt, mwana wa mfalme wa Uingereza, akatoka Calais na jeshi kubwa akitafuta vita. Hakupewa. Alivuka Ufaransa yote hadi Bordeaux akichoma vijiji, Wafaransa wakimfuata kwa mbali wakidokoa waliobaki nyuma, na alipofika, farasi wengi walikuwa wamekufa na watu wake wanakufa njaa. Hakuna aliyemshinda, ila jeshi hakuwa nalo tena. Kufikia 1380 Waingereza walibakiwa na miji ya pwani, Calais, Cherbourg, Brest, Bordeaux, Bayonne, na kipande cha kusini.

Gharama walilipa wanakijiji. Mbinu ya kumwacha adui apite ina maana kwamba vijiji vilivyo njiani vinaachwa viungue. Watunzi wanaomsifu Bertrand hawakai sana hapo.

Wanaosimulia

Sisi tuliokulia tenzi tuna faida hapa, maana tunajua mtunzi huwa na anayemlisha. Utenzi wa Marshal, mistari 19,214 ya Kifaransa cha Uingereza ya wakati ule, uliagizwa na mwanawe mkubwa miaka ya 1220, na habari nyingi alizitoa John wa Earley, aliyekuwa msaidizi wa Marshal kwa miaka mingi. Ukapotea kwa karne nyingi. Mwaka 1861 msomi kijana wa Kifaransa, Paul Meyer, aliuona kwenye mnada London, ukanunuliwa na tajiri mkusanya vitabu, na Meyer akahangaika miaka 20 kabla ya kuushika tena. Kwa sababu msimulizi alikuwepo hemani na mezani, una vitu vidogo: mkate, mfereji, samaki. Kwa sababu aliyelipa ni mwana, kila Marshal anapogombana na mtu, mwenye wivu ni yule mwingine.

Utenzi wa Bertrand, wa mtunzi Cuvelier, una zaidi ya mistari 20,000, na ulitungwa ili kusisimua baraza. Ndani yake Bertrand anapiga rungu, anamtisha Papa huko Avignon alipopita na magenge ya mamluki akielekea Hispania, na anakataa fedha za Papa anaposikia zimekusanywa kwa wananchi badala ya kutoka sanduku la Papa mwenyewe. Bahati nzuri zipo pia barua, stakabadhi na hesabu za serikali ya Charles za kumkagulia. Marshal ana shahidi wa karibu mwenye upendeleo. Bertrand ana mpiga zumari, na nyuma yake karani.

Basi, yupi?

Kama unataka kujua watu hawa waliishije, walikula nini, walitaniana vipi, nani alimkopesha nani, anza na Marshal, na usiogope kuruka kurasa za Ireland katikati, zinachosha. Soma utoto, mashindano, Le Mans, kisha ruka hadi 1216. Usikose kitanda cha mauti. Karani mmoja alimshauri auze makoti themanini ya manyoya aliyokuwa ameyaweka, fedha ziwe za kuombea roho yake. Akamfokea: Pentekoste imekaribia, askari wangu wanastahili nguo zao. Na kuhusu wale watu mia tano aliowateka maishani, akasema vitu vyao hawezi kuvirudisha tena, na kama kwa sababu hiyo mbingu imefungwa, basi hana la kufanya.

Kama unachotaka ni vita, yaani jinsi nchi iliyokuwa inapigwa kila mara inavyoacha kupigwa, chukua Bertrand, na usianzie kuzaliwa kwake. Anzia Nájera, mtu akiwa kifungoni na bei mdomoni. Ukimpenda pale, rudi nyuma. Kwa wanafunzi wa sekondari, ningewapa Bertrand wavulana wanaodhani ushujaa ni kukimbilia mbele.

Mimi ningeanza na Marshal. Bertrand namheshimu zaidi, lakini Marshal ndiye ninayeweza kumwona usoni.

Hilo la uso lina kichekesho chake kwa wasomaji walioko Ulaya. Ukiwa London, kanisa la Temple liko hatua chache kutoka Fleet Street. Marshal amelala pale sakafuni kwa jiwe, kati ya wenzake, kwa kuwa siku zake za mwisho alijiunga na watawa wa kivita wa Hekalu. Mabomu ya mwaka 1941 yaliangusha paa juu yao, na sanamu ziliumia vibaya. Bertrand alitaka azikwe Dinan. Alifariki Julai 1380 akiizingira Châteauneuf-de-Randon, kusini, jua kali, na safari ya kwenda nyumbani ilikuwa ndefu mno kwa maiti. Utumbo ukabaki Le Puy, nyama ikazikwa Montferrand, mifupa mfalme akaitaka Saint-Denis miongoni mwa wafalme, na moyo peke yake ndio uliofika Dinan. Ukiwa Paris, panda metro namba 13 hadi Saint-Denis. Kaburi lilichimbwa wakati wa Mapinduzi, halina kitu, lakini sanamu ipo, na mchongaji hakumpamba: pua bapa, uso mpana, yule yule mtoto wa Broons ambaye wazazi wake hawakutaka kumwona.